Kichwa Kidogo cha Mvuke Kinapokwama: Dalili, Chanzo na Kipi cha Kununua

Kwenye reli ndogo za mezani, ambako hata vichwa vya mvuke ni vya mfano na huendeshwa na mota ya umeme, kichwa cha kushanti, yaani cha kupanga mabehewa, ndicho chenye kazi ngumu kuliko vyote, na mara nyingi ndicho kidogo kuliko vyote. Kichwa kikubwa cha treni ya abiria kinazunguka duara lake kwa kasi. Kikikuta sehemu chafu, mwendo na uzito wake vinakivusha. Cha kushanti kinatambaa, kinasimama, kinarudi kinyumenyume, kinapita pointi ileile (mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili) mara ishirini kwa saa. Chukua mpango wa Inglenook, uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright: pointi mbili tu, njia tatu zenye nafasi ya mabehewa 5, 3 na 3, na kazi yako ni kuchambua mabehewa 8 yaliyochanganyika ili upate treni ya 5 kwa mpangilio uliotoka kwenye kura. Ubao mzima unakaa juu ya kabati. Lakini kichwa kikizima kila kifikapo pointi, ukawa wa kukisukuma kwa kidole, mchezo umekwisha.

Changu cha kwanza nilikinunua kikiwa kimetumika. Muuzaji alikikimbiza kwenye kipande cha reli iliyonyooka, nikaridhika, nikalipa. Nyumbani hakikuvuka pointi hata moja. Nikaamini mota imekufa. Nikaifungua, nikaisafisha, nikairudisha, hali ikabaki ileile. Mota ilikuwa nzima muda wote. Umeme ndio haukuwa unaifikia. Tangu hapo nimefungua vichwa vingi vidogo, vyangu na vya wenzangu, na jibu limekuwa hilohilo mara nyingi mno. Ndiyo maana naanzia kwenye umeme, na kwa kila dalili nitasema kama ni ya kurekebisha nyumbani au ni sababu ya kukiacha kichwa mezani kwa muuzaji.

Nazungumzia zaidi kipimo cha HO, yaani 1:87, ambacho reli zake zimeachana milimita 16.5 na mota zake hutumia volti 12. Namba kama 0-4-0 na 0-6-0 huhesabu magurudumu: ya kuongoza mbele, ya kuendesha katikati, ya kufuata nyuma. Frogi ni kile kipande chenye umbo la V katikati ya pointi, ambapo reli mbili hukutana.

Kinazima kwenye pointi

Kwanza angalia kinazimia wapi hasa. Weka alama ya penseli pembeni ya reli kila kinaposimama, mara tano au sita, kwa mwendo wa polepole. Alama zikirundikana mahali pamoja, tatizo liko kwenye pointi. Zikitawanyika, liko kwenye uchafu au kwenye kichwa chenyewe. Kisha kisukume milimita mbili tu. Kikiondoka chenyewe, acha kuilaumu mota.

Sababu yake ni hii. Kwenye mfumo wa reli mbili, reli moja hubeba chanya na nyingine hasi, na kwenye frogi zinapishana. Ili zisipige shoti, pointi nyingi za bei nafuu huwa na frogi ya plastiki, au ya chuma kilichotengwa na umeme. Gurudumu likiwa juu ya kipande hicho halipokei kitu. Kichwa chenye ekseli nyingi hakijali, kwa sababu magurudumu mengine bado yanagusa reli hai. Sasa fikiria 0-4-0 isiyo na tenda (behewa la makaa na maji linalofungwa nyuma ya kichwa), ambayo ekseli zake kwenye kichwa halisi zimeachana futi 7. Kwenye HO hiyo ni milimita 24 na ushee. Gurudumu moja likiwa kwenye frogi, upande huo umebakiwa na gurudumu moja tu, na likikanyaga chembe ya vumbi, basi. Pima frogi za pointi zako kwa rula, pima na nafasi ya ekseli. Frogi ikiwa ndefu kuliko nafasi hiyo, kichwa hicho na pointi hiyo havitapatana hata usafishe vipi.

Kabla ya kuihukumu frogi, chunguza ndimi za pointi, vile vipande vyembamba vinavyosogea kugeuza njia. Pointi nyingi hupitisha umeme pale tu ulimi unapogusa reli ya pembeni. Vumbi kidogo hapo, na njia nzima mbele ya ulimi imekufa. Gusa kwa maltimita: ukipata volti kabla ya ulimi na usipate baada yake, safisha hapo, au bora zaidi unga waya wa kudumu ili usitegemee mguso huo tena.

Dawa ya frogi ni kuipa umeme. Pointi za kampuni ya Peco zinazoitwa Electrofrog na Unifrog zina frogi ya chuma. Unganisha frogi na swichi inayogeuka pamoja na ndimi, au tumia kile kifaa kidogo cha kielektroniki kinachogeuza umeme wa frogi chenyewe kikihisi shoti. Kama ndio kwanza unajenga, nunua pointi za namna hii tangu mwanzo. Utalipa zaidi kidogo, na utasahau kwamba tatizo hili lipo.

Upande wa kichwa, hesabu magurudumu yanayopokea umeme. Hiki ndicho kipimo ambacho ningependa kila mnunuzi akijue. Kigeuze kichwa magurudumu juu, chukua nyaya mbili kutoka kwenye kontrola (kifaa cha kuendeshea treni) au betri ya volti 9, gusa gurudumu moja la kushoto na moja la kulia. Mota izunguke. Hamia jozi nyingine mpaka umalize zote: 0-4-0 ina jozi 4, 0-6-0 ina jozi 9. Jozi isiyoitika inakuonyesha gurudumu ambalo halipokei. Vichwa vingi vya zamani vilijengwa kichwa kikipokea upande mmoja na tenda upande mwingine. Hivyo vipime pamoja na tenda yake, na uitikise ile fimbo inayoviunganisha, kwa kuwa umeme wote wa upande mmoja unapita hapo.

Usisahau ringi za mpira. Watengenezaji huzivisha baadhi ya magurudumu ili kichwa kivute zaidi, na mpira haupitishi umeme. Kwenye kichwa kikubwa si neno. Kwenye 0-4-0 isiyo na tenda, ringi mbili zinamaanisha kwamba umebakiwa na magurudumu mawili ya kupokea umeme, na mimi kichwa cha namna hiyo sikinunui, kiwe kizuri namna gani.

Kama tayari unacho na unakipenda, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kumuongezea mwenzake: tenda, au behewa dogo lililofungwa nyuma moja kwa moja, lenye vidole vya shaba vinavyogusa magurudumu yake na waya mwembamba kuelekea kwenye mota. Ya pili ni kapasita ya kuhifadhi umeme, inayoungwa kwenye dikoda ya DCC (chipu ndani ya kichwa inayopokea amri za kidijitali kupitia reli) na kukivusha kichwa sehemu iliyokufa. Hufanya kazi vizuri sana. Ila kapasita hainyooshi reli mbovu wala haisafishi magurudumu, na dikoda zenye kapasita kubwa wakati mwingine hukataa kusomwa kwenye reli ya kuprogramia mpaka uitenge kapasita.

(Wenye mfumo wa reli tatu wa kampuni ya Märklin hawalijui tatizo hili kwa kiasi hiki. Chini ya kichwa kuna mtelezo mrefu unaopita juu ya vichwa vya misumari katikati ya njia, na magurudumu ya pande zote mbili hubeba umeme wa aina moja. Hata kichwa cha ekseli tatu hupita pointi bila kusita. Kama bado hujachagua mfumo na unapenda vichwa vifupi, hilo ni la kufikiria.)

Kinasitasita kila mahali

Hapa ni uchafu, na uko sehemu tatu: reli, magurudumu, na vile vidole vya shaba nyuma ya magurudumu.

Reli zifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoholi ya isopropili. Msasa usiuguse. Mikwaruzo yake inakuwa mitaro ya kukusanyia uchafu, na baada ya wiki mbili hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Ukiishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, hewa ya chumvi itakufanya ufute mara nyingi kuliko anayeishi Nairobi, hivyo usishangae. Reli za rangi ya dhahabu za seti za zamani ni shaba nyeupe, na kutu yake haipitishi umeme. Badilisha kwa zile za rangi ya fedha, ambazo hata zikifubaa huendelea kupitisha umeme vizuri zaidi.

Magurudumu ya kichwa chenye tenda inayopokea umeme pande zote mbili ni rahisi. Tandaza karatasi laini yenye alkoholi juu ya reli, tenda ikiwa kwenye reli kavu na magurudumu ya kuendesha juu ya karatasi, shika kichwa, washa umeme. Yatazunguka papo hapo na kuacha mistari miwili myeusi. Sogeza karatasi, rudia mpaka mistari ipotee. Kisicho na tenda kigeuze, kipe umeme kwa nyaya, na ufute magurudumu kwa kijiti chenye pamba yakiwa yanazunguka.

Vidole vya shaba ndivyo vinavyosahaulika zaidi. Angalia kwa kioo cha kukuzia kama kila kimoja kinagusa gurudumu wakati ekseli imesukumwa kushoto kabisa na kulia kabisa. Kilichoachia, kikunje kidogo kwa kibanio. Usikaze mno, kitageuka breki. Na kama kuna mafuta yaliyomwagika hapo, yafute yote; mafuta na vumbi hugeuka lami.

Kinachechemea

Kuchechemea ni tofauti na kusita. Kinachosita hupoteza umeme, na taa yake kama inayo hupepesa. Kinachochechemea taa yake huwaka sawasawa lakini mwendo unabana na kuachia kwa mdundo uleule.

Pima mdundo huo. Kichwa cha 0-6-0 cha muundo wa USRA (chombo cha serikali ya Marekani kilichoendesha reli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza), kwa mfano, kilikuwa na magurudumu ya inchi 51, ambayo kwenye HO ni karibu milimita 15, na mzunguko wake mmoja ni milimita 47 hivi. Ukiona kinabana kila baada ya sentimita 4.7, kosa linatokea mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu: ni fito za pembeni zinazounganisha magurudumu, pini zake, au magurudumu yenyewe. Kikibana kwa mdundo wa haraka zaidi kuliko huo, tafuta juu zaidi, kwenye gia na mhimili wa mota.

Chanzo kikubwa cha mdundo wa gurudumu ni pembe. Kwenye kichwa halisi, pini ya kushoto na ya kulia ya ekseli moja hutofautiana nyuzi 90, ili upande mmoja ukifika mwisho wa mkono wake, mwingine uwe kwenye nguvu kamili. Kwenye kichwa cha mezani kinachohitajika zaidi ni kwamba ekseli zote ziwe na pembe moja. Gurudumu moja likigeuka kidogo juu ya ekseli yake, fito zinapigana. Fungua fito, endesha bila fito ikiwa gia zinazungusha ekseli moja tu, na usikilize. Mwendo ukiwa laini, mota na gia ni wazima. Rudisha fito jozi moja moja mpaka ubanaji urudi. Hapo umeipata ekseli yenye kosa.

Wakati mwingine si pembe, ni fito iliyopinda kwa kuanguka, skrubu iliyokazwa mno, au unywele uliojisokota kwenye ekseli. Anza na hayo, ni bure. Kurekebisha pembe bila kifaa chake ni kazi ya subira kubwa, na kwa mwanzo sikushauri. Kichwa kinachochechemea mezani kwa muuzaji kiache hapo.

Mota inalia, magurudumu yamesimama

Au yanazunguka kwa kugonga: ta, ta, ta. Hii karibu kila mara ni gia ya plastiki iliyopasuka. Gia hizo hushindiliwa kwenye ekseli ya chuma, na kwa miaka plastiki husinyaa, ikapasuka kati ya meno mawili. Jino linalokaa juu ya ufa linakuwa mbali na mwenzake, ndiyo maana inagonga mara moja kwa mzunguko. Ufa ukipanuka, gia inateleza na ekseli haisogei.

Kuipaka gundi hakudumu. Dawa ni gia mpya au ekseli nzima mpya, na hapo ndipo swali la vipuri linapoingia. Kabla ya kununua kichwa cha zamani, tafuta kwanza kama gia zake zinauzwa. Ukikosa, hata kiwe cha bei ya kutupa, utakuwa umenunua pambo la kabatini.

Kinaruka kama panzi

Unafungua kontrola, hakuna kitu. Unafungua zaidi, kinachomoka. Kwa kushanti hicho hakifai kabisa, maana utayabamiza mabehewa badala ya kuyagusa.

Kipimo changu ni mataruma. Kwenye njia ya Kimarekani ya HO, mataruma huachana karibu milimita 6 kutoka kati hadi kati. Kichwa kinachotambaa taruma moja kwa sekunde bila kusimama kinakwenda sawa na kilomita 2 kwa saa kwenye reli halisi. Kikiweza mataruma mawili kwa sekunde bado ni kizuri. Kisichoweza kushuka chini ya kumi kina tatizo.

Tafuta kwanza ukavu. Mafuta ya zamani hugeuka gundi, na mota hutumia nguvu nyingi kuyavunja ndipo ichomoke. Safisha, kisha weka tone moja dogo kwenye kila shimo la ekseli, la mafuta yaliyoandikwa kwamba hayaharibu plastiki. Ikiwa ni kisafi na bado kinaruka, huenda gia zake zina uwiano mdogo, au mota ni ya kizamani yenye ncha tatu. Hilo ni umbile lake, na hutalibadilisha ila kwa kubadili mota.

Kwenye DCC, mipangilio ya dikoda huwekwa kwa namba ziitwazo CV. CV 2 huweka volti ya kuanzia, nawe unaipandisha kidogo kidogo mpaka kichwa kiondoke kwenye hatua ya 1; CV 3 hupunguza ukali wa kuondoka. Na kama kichwa chako baada ya shoti hukurupuka kwa kasi yote bila kuamrishwa, dikoda imedhani iko kwenye umeme wa kawaida wa DC. Izime ruhusa hiyo kwa kutoa 4 kwenye thamani ya CV 29: ikiwa ni 6, iwe 2.

Kinatoka njiani, au hakivuti

Kutoka njiani: pima nafasi ya ndani kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, karibu milimita 14.5 kwa HO. Geji ya NMRA (chama cha Marekani cha wapenda reli za mezani), ile bamba ndogo ya chuma, hupima magurudumu na pointi kwa pamoja, na haiumizi mfuko. Kisha kiweke kichwa juu ya kipande cha kioo. Kikitikisika kama meza yenye mguu mfupi, ekseli moja haigusi chini, na hiyo pia ni sababu ya kupoteza umeme.

Kutovuta: kichwa kidogo ni chepesi, na magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma hayavuti zaidi ya takriban robo ya uzito wake. Ongeza madini ya risasi ndani ya boila au kwenye tangi, uzito ukae katikati ya ekseli. Kwa mabehewa matano kwenye ubao tambarare hutahitaji zaidi.

Kabla ya kuchomeka au kuweka dikoda

Transfoma za seti za Marekani ni za volti 120. Ukuta wa nyumba ya Kenya una 240, wa Tanzania 230. Ukichomeka moja kwa moja utaiunguza, na huenda si yenyewe tu. Nunua kontrola ya volti za kwenu, au usiache kupitishia kwenye kipunguza volti.

Vichwa vya zamani mara nyingi huwa na brashi moja ya mota iliyounganishwa na fremu ya chuma. Ukiweka dikoda bila kuitenga kwanza, dikoda itakufa mara ya kwanza unapowasha. Pima kwa maltimita kati ya kila brashi na fremu: pasiwe na mguso wowote. Pima pia ampea mota ikishikwa isizunguke kwa volti 12. Ikizidi ampea 1, dikoda nyingi za kawaida za HO haziitoshi.

Kipi basi?

Mwenye nafasi ya kuchagua achukue 0-6-0 yenye tenda, ambayo kichwa na tenda vyote hupokea umeme. USRA iliagiza 0-6-0 zake 255, na reli nyingi zikaendelea kunakili muundo huo baadaye. Kwa hiyo kinafaa karibu kwenye mandhari yoyote ya Kimarekani. Kampuni ya Life-Like ilikitengeneza katika mfululizo wa Proto 2000, ambao Walthers waliurithi walipoinunua Life-Like mwaka 2005.

Moyo ukikuvuta kwenye kile kifupi kabisa chenye tangi juu ya boila, najua kwa nini. Reli ya B&O (Baltimore and Ohio) ya Marekani ilipata 0-4-0 zake za daraja la C-16 kutoka kiwanda cha Baldwin mwaka 1912, nne tu, kwa ajili ya kona kali za bandarini Baltimore, na umbo lake limependwa na watengenezaji kwa miaka mingi. Mpenda reli za Uingereza atazame Peckett W4 ambayo Hornby waliitoa mwaka 2016 kwa kipimo cha 1:76. Ni 0-4-0 inayotambaa vizuri kuliko umbo lake linavyoahidi. Chochote kati ya hivi kitaka pointi zenye frogi hai.

Ukifika kwa muuzaji, nenda na nyaya zako mbili na pointi moja mfukoni. Mwombe asikikimbize. Pima jozi zote za magurudumu, kisha kipitishe juu ya pointi hiyo kwa mwendo mdogo kabisa, mbele na nyuma, pande zote mbili za njia. Muuzaji anayekataa kipimo hicho, mshukuru na uondoke na pesa zako.